Mayai Mawili ya Seneta

Merle Ostrander alipofariki, magazeti ya Kentucky yalimpa sentensi moja. Mtu amekaa kwenye bunge la jimbo karibu nusu ya umri wake. Amepigania barabara ya lami ifike hadi mabondeni, kule ambako wanawake walikuwa wakijifungulia ndani ya malori. Amewaambia wenye migodi usoni kwamba bwawa lao la tope litaua watu, na likaua. Hayo yote waliyaweka chini kabisa ya ukurasa. Juu, kwa herufi nene, waliweka kile alichosema kwenye maiki asubuhi moja kabla mkutano haujaanza: "Mayai mawili, paja la nguruwe, na ningeweza kula yote tena."

Nilisoma habari hiyo nikiwa Nebraska, kwenye ghala la mahindi. Nililikunja gazeti nikarudi kazini, lakini siku hiyo nzima nilihakikisha mgongo wangu unaegemea ukuta.

Nimezunguka nchi hii tangu nilipoacha shule, na shule niliiacha mara nyingi, maana kila tulipohamia nilianza upya na kuacha upya. Kazi iliyonipeleka Tansy Creek ilikuwa ya kuvua nyaya za shaba kwenye shule ya zamani ya bonde lile. Shule ilikuwa imefungwa miaka mingi, na sasa ilikuwa ivunjwe. Kabla ya matingatinga kuja alitakiwa mtu wa kutoa nyaya, mabomba na chochote chenye bei. Mtu huyo nikawa mimi.

Asubuhi ya kwanza niliingia kwenye mgahawa wa Burl. Ukutani, kuanzia mlangoni hadi jikoni, Burl alikuwa amebandika vibao vya maneno ya marais. Truman alikuwapo, na kile kibao chake cha mezani kwamba lawama zinaishia hapa. Ford alikuwapo, aliyesema yeye ni Ford, si Lincoln, yaani ni gari la kawaida tu, si la kifahari. Coolidge yule mkimya naye alikuwapo, na kisa wanachomsimulia cha mama mmoja aliyemwambia ameweka dau kwamba atamtoa zaidi ya maneno mawili. Jibu lilikuwa: "Umeshindwa, mama."

Juu ya mlango wa jikoni, mahali pa heshima kuliko pa Truman, palikuwa na kibao cha mayai mawili. Chini yake jina: Ostrander.

"Huyu alikuwa rais wa lini?" niliuliza.

Wazee wa meza ya dirishani walicheka hadi mmoja akatema kahawa.

"Rais wa jikoni!"

"Rais wa tumbo, bwana!"

"Mgeni, kula Seneta," Burl aliniambia huku akipangusa mikono. "Ndicho chakula chetu. Mayai mawili, paja la nguruwe, na ukimaliza nakuongeza sahani ya pili bure. Si alisema angekula tena? Basi sisi tunamlishia."

"Alishinda useneta?"

"Alishindwa vibaya sana. Ndiyo maana tunamwita Seneta."

Nikala. Sahani ya pili ikaja, nikala nayo. Nilikuwa nimetoka mbali na nilikuwa na njaa, sikujua nilichokuwa nakula.

Ndipo Burl akanieleza, na alipoeleza hakuwa anacheka tena. Miaka ya sabini mwanzoni, bwawa la tope la makaa ya mawe lilipasuka juu ya bonde asubuhi, watu wakiwa ndio kwanza wanaamka. Tope likashuka na nyumba, na waliokuwa ndani. Waliopatikana walilazwa kwenye madarasa ya shule, na ndugu zao wakapita chumba hadi chumba wakiwatambua. Ostrander, ambaye alikuwa akigombea useneta, alikuja kuzungumza kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule hiyo hiyo. Mtu wa redio akamwambia ajaribu maiki. Hakuna aliyekumbuka kwamba maiki ya ukumbini ilikuwa imeunganishwa na spika za madarasani, zile ambazo mwalimu mkuu alizitumia kutangaza mambo ya shule.

"Kwa hiyo sisi tumesimama mle ndani," Burl alisema, "na watu hawajatia kitu mdomoni tangu juzi, na ukuta unatuambia ameshiba na angekula tena. Ndugu yangu alikuwa chumba namba nne. Nilikuwa namtoa tope masikioni."

Mzee mmoja wa dirishani, ili kicheko kirudi, akasema, "Na baadaye akaenda kwenye televisheni kusema hakuwa amekula kitu!"

"Kama yule Nixon," mwingine akadakia. "Kasema mimi si mwizi, na tangu siku ile kila anayemwangalia anaona mwizi."

Wakacheka tena.

Nilitafuta pa kulala, na mtu wa kituo cha mafuta akanionyesha nyumba moja nyeupe yenye chumba cha kupangisha. Mwenye nyumba alikuwa mzee mrefu aliyepinda, ana mrija wa hewa puani na chupa ya oksijeni inayovutwa kwa magurudumu. Tulikuwa tumeshakubaliana kila kitu ndipo akaniambia jina lake: Merle Ostrander.

"Umeshakula kwa Burl?" akaniuliza.

"Nimekula."

"Ulinila mimi?"

Sikujua nitazame wapi.

"Usijali, kaka Hobe. Kila mtu hunila siku ya kwanza. Sharti langu ni moja tu. Ndani ya nyumba hii mayai hayaingii."

Nilikaa kwake majira ya baridi yale. Mchana nilivua nyaya, na siku zake za kliniki nilimwendesha kwa gari langu, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kufa. Ndani ya gari ndiko alikozungumza. Labda kwa sababu ndani ya gari watu wawili wanaangalia mbele.

"Sikuwa nimekula," aliniambia siku moja, bila mimi kuuliza. "Nilikuwa kwenye tope tangu lilipoanguka, navuta watu kwa mikono hii. Nikaambiwa nikaseme neno ukumbini. Yule kijana wa redio akaniambia, 'Mheshimiwa, umekula nini asubuhi?' Wote huuliza hivyo. Wanataka useme maneno marefu kidogo wapime sauti. Ukisema hujala, wanakuuliza tena. Kwa hiyo mwanasiasa yeyote ana la kusema. Mimi kila siku nilisema uji. Uji na zabibu kavu. Kote nilikopita, uji na zabibu."

"Na siku ile?"

"Siku ile nikafungua mdomo kusema uji." Chupa yake ilikuwa ikitoa kimlio kila alipovuta pumzi. "Paja la nguruwe silipendi, Hobe. Tangu utotoni. Linanitia kichefuchefu. Maneno yale sijui yalitoka wapi. Nilijisikia nikiyasema kama unavyomsikia mtu wa chumba cha pili."

Nilimwambia uchovu humfanya mtu aseme kitu chochote.

"Ndivyo alivyosema daktari, na mke wangu, hadi akachoka kusema. Kwenye televisheni nilisema sikuwa nimekula, wakacheka. Sasa nakufa, na hilo halinisumbui. Nataka mtu mmoja tu wa bonde lile aniamini kabla sijaondoka. Mmoja. Aniambie, Merle, najua hukula."

Nilimhurumia, lakini sikuona ni wapi angempata mtu huyo. Mjini walikuwa wamemla miaka yote hiyo. Mtu haachi kirahisi chakula alichokizoea.

Kulikuwa na theluji siku Arletta Spurlock alipokuja shuleni. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye korido, nikamwona mwanamke mzee amesimama mlangoni, koti la mwanaume, kitambaa kichwani.

"Wewe ndiye unayetoa nyaya?"

"Ni mimi, mama."

"Chumba namba sita umeshakifikia?"

"Bado. Nilianzia upande wa pili."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akapita mbele yangu bila kuuliza njia. Nilishuka nikamfuata, ngazi mkononi, kwa sababu sakafu ilikuwa imeoza, niliogopa atumbukie.

Namba sita kilikuwa darasa la watoto wadogo. Meza bado zilikuwamo, na juu ya ubao, spika ya mbao yenye kitambaa kilichotoboka. Bi Arletta alienda kusimama mbele ya meza moja karibu na dirisha, akaweka kiganja juu yake.

"Waliwalaza juu ya meza za shule," alisema. "Wakubwa, meza tatu tatu. Kwa Lorna Jo ilitosha moja na nusu."

Nilivua kofia.

"Alikuwa na miaka saba. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, nikampikia mayai mawili. Siku zote lilikuwa moja. Na paja la nguruwe, kipande ambacho baba yake alikuwa ameacha. Akala akamaliza, akalamba sahani, akaniambia, 'Mama, ningeweza kula yote tena.' Nikamwambia, 'Kesho.' Nikatoka nje kuchota makaa. Huko nje ndiko nilikosikia mlima unakuja."

Ngazi yangu ilikuwa bado iko mkononi. Niliiegemeza ukutani polepole, nilitaka isitoe mlio.

"Nilikuwa nimefunua shuka," aliendelea, "nimelishika hivi. Ndipo ukuta ukasema. Chumba kizima watu walipiga kelele. Mmoja alirusha kiti. Mimi sikupiga kelele. Mimi nilijibu."

"Ulijibu nini, Bi Arletta?"

"Nilisema, 'Kesho.'" Alitikisa kichwa. "Ndilo lililokuwa mdomoni. Mtoto wangu ameniomba mara ya pili, na mara ya pili nimemwambia kesho. Hakuna usiku ambao sijakumbuka hilo."

Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Nasikia unalala kwa Ostrander."

"Ndiyo."

"Muulize. Alikula kweli?"

Nilimwambia sina haja ya kumuuliza. Nikamweleza kuhusu uji na zabibu, na kwamba paja la nguruwe humtia kichefuchefu, na kwamba mayai hayaingii nyumbani kwake. Alikaa kwenye kiti kimoja kidogo cha mtoto, magoti yakamfikia kifuani.

"Nilijua," alisema. "Mtu aliyekula hawezi kusema kwa sauti ile. Mwambie namwamini." Nikawa nafikiri habari imekwisha, na imekwisha vizuri. Lakini akaongeza, "Mwambie aje ayaseme tena. Mle mle ukumbini. Mimi nitakuwa hapa. Nataka nijibu vingine."

Nilimpelekea Ostrander habari hiyo akiwa jikoni, anamenya kiazi. Nilipomwambia kwamba kuna mtu anamwamini, kisu kilisimama na macho yakamjaa. Nilipomwambia kwa nini anaaminiwa, kiazi kilimtoka mkononi.

"Siku yake ya kuzaliwa," alirudia.

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa hiyo sikuwa mimi."

"Mzee, huenda ilitokea tu. Watu wengi hula mayai."

"Na paja?" Alijishika mdomo kwa kiganja, kama mtu anayehisi kuna kitu kinataka kutoka. "Miaka yote hii nimeomba kuambiwa kwamba hayakuwa maneno yangu. Sasa nimeambiwa, na ninaogopa, Hobe. Naogopa kinywa changu mwenyewe."

Alikataa. Alikataa wiki nzima, akazidi kudhoofika. Kisha siku moja akaja mlangoni kwangu amevaa suti ya kampeni, ya zamani, imemzidi mwili, na beji ya jina lake bado imo kwenye ukosi. "Twende kabla sijafikiri," alisema.

Umeme wa shule ulikuwa umekatwa, hivyo nilileta jenereta yangu ndogo nikaifunga nje, nikaunganisha mashine ya sauti iliyokuwa bado ofisini kwa mwalimu mkuu; nyaya za upande huo nilikuwa sijazitoa. Maiki ya zamani niliikuta kwenye sanduku la mipira. Nilimkalisha Ostrander kwenye benchi la ukumbini, chupa yake kando, nikamwekea maiki mkononi na kumwonyesha kitufe.

"Nikifika kule nitapiga ukuta kwa nyundo," nilimwambia. "Ukisikia, bonyeza, sema."

"Na yule bibi, atataka kuniona?"

"Anataka kukusikia tu."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mweupe kama theluji iliyokuwa ikiingia kupitia dari.

Bi Arletta alikuwa tayari chumba namba sita. Juu ya ile meza ya dirishani alikuwa ameweka sahani iliyofunikwa kwa taulo la jikoni, na chini ya taulo nilisikia harufu ya mafuta ya nguruwe. Chakula kilikuwa bado cha moto. Hakukaa. Alisimama na mkono wake mmoja umeshika pembe ya taulo.

Nilipiga ukuta kwa nyundo.

Spika ilikuwa ikivuma kidogo kwa sababu ya jenereta. Tukangoja. Nilisikia matone ya theluji inayoyeyuka koridoni. Nilifikiri, mzee kashindwa, au hewa imemkatika, niende. Ndipo mvumo ukakoma kabisa, ingawa jenereta ilikuwa bado inanguruma nje, na spika ikasema.

Ilisema sentensi ile, yote, bila haraka. Nimeulizwa na nafsi yangu mara nyingi ilikuwa sauti ya nani. Ilikuwa na vumbi na mikwaruzo, kitambaa kimetoboka, spika ni ya kale. Sauti ya mzee anayekosa pumzi inaweza kuwa nyembamba. Hapo ndipo ninapoishia.

Bi Arletta alivuta taulo. Mvuke ukapanda.

"Kula, mwanangu," alisema, akiangalia spika. "Yapo. Nimekupikia mengi. Kula yote."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeita watoto mezani. Niliona si mahali pangu, nikatoka.

Nilienda mbio hadi ukumbini nimpe mzee habari. Nilimkuta pale pale kwenye benchi, ameinama, maiki iko mapajani mwake na kitufe kimezimwa. Alikuwa analia.

"Nisamehe," alisema. "Kamwambie anisamehe. Nilisikia nyundo. Nimejaribu kufungua mdomo, umekataa. Sikuweza, Hobe. Hata neno moja."

Nilisimama mbele yake, nikakitazama kile kitufe. Nilifikiri, mzee mgonjwa, huenda alisema bila kujijua, kama mara ya kwanza, kisha akazima. Huenda. Nilimshika kiwiko nikamwinua.

"Amesikia, mheshimiwa," nilimwambia. "Ameridhika."

Aliniangalia kwa macho yale yaliyokuwa yakifa. Mtu aliyeishi kwa siasa anajua mtu anapomficha kitu. Alichukua maiki kutoka mapajani akaiweka chini kwenye sakafu, polepole, mbali na mguu wake.

Kesho yake asubuhi alitaka nimpeleke kwa Burl. Nilidhani nimesikia vibaya. Hakuwa amekanyaga mle tangu Burl abandike kibao.

Tulipoingia meza ya dirishani ilikuwa imejaa. Mmoja akafungua mdomo aseme lake, maana walikuwa na maneno ya kumtupia waliyoyatunza miaka na miaka, na mwenyewe kaja kwa miguu yake. "Seneta!" alianza. "Leo umekuja ku..." Akamwona uso, akaishia hapo.

Ostrander alikaa meza ya katikati, mimi pembeni yake. Burl alikuja na kitambaa begani, hajui aweke mikono wapi.

"Nikupe nini, Merle?"

Mzee alinyoosha kidole, akaonyesha kibao juu ya mlango wa jikoni.

Sahani ilikuja. Alikula. Alikula mayai yote mawili, na alikula paja la nguruwe, polepole, akisimama kila mara kuvuta hewa, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na niliona koo lake linavyokataa na yeye akilazimisha. Mgahawa mzima ulimwangalia. Alipomaliza, Burl alileta sahani ya pili, maana ndiyo desturi ya mle, akaiweka mbele yake.

Ostrander hakuigusa. Aliisukuma kwa vidole viwili, kidogo kidogo, ikavuka meza hadi upande wa pili, mbele ya kiti kisicho na mtu. Akageuza uma, mpini ukaelekea kwenye kiti. Akakivuta kiti karibu kidogo na meza, kama unavyomfanyia mtu ambaye mikono yake haifiki.

Halafu akakunja mikono akangoja. Burl alisimama pale na birika la kahawa mkononi, na wale wazee wa dirishani, ambao hawajawahi kukosa la kusema juu ya rais yeyote wala mwanasiasa yeyote wa nchi hii, walitazama mvuke ukipanda kutoka kwenye ile sahani hadi ulipokwisha.